Kijumba Kilichogeuka

Jina la Mama Nyoosha alipewa na mdogo wake, na kusema kweli lilimfaa. Alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kimepinda akakiacha. Pazia likikaa upande, atalivuta. Ukiingia kwake kola yako imejikunja, utashtukia mikono shingoni kabla hujakaribishwa kiti. Hata asubuhi, kabla ya kupiga magoti kusali, alikuwa kwanza anatandika kitanda na kunyoosha shuka pembe zote nne, kana kwamba Mungu angeanza kwa kukagua shuka.

Kazi yake ilikuwa kufuma sweta, katika chumba kimoja chenye dirisha kubwa linalotazama barabarani. Mdogo wake alikaa kando ya ukuta kwenye mashine, akifuma sweta za shule, mkono unakwenda na kurudi siku nzima, kra, kra, kra. Mama Nyoosha alikaa dirishani na sindano zake mbili ndefu, kwa ajili ya mwanga, na pia, kama mdogo wake alivyosema, kwa ajili ya kuona nani kapita kavaa nini. Katikati yao palikuwa na meza ya kupigia pasi, kiti cha mteja chenye mto uliojazwa vipande vya nyuzi, na kikapu cha kutupia mabaki.

Sweta za shule hazikumpa raha. Zile ni safu ya mbele, safu ya nyuma, basi. Raha yake ilikuwa mapambo yanayofumwa humo humo ndani ya sweta bila rangi ya pili: vitanzi vinavushwa mbele ya vitanzi vingine, vingine vinafichwa nyuma, mpaka kitambaa kinainuka na kuzama kama shamba lililopigwa matuta. Aliyajaribu kwanza kwenye vipande vidogo, ukubwa wa kiganja, na kila kipande alikitunza kwenye kopo la biskuti. Humo mlikuwa na kamba, tofali, punje za mahindi, magamba ya samaki. Mdogo wake alipenda kulifungua kopo hilo wateja wakiwepo, apate wa kucheka naye.

"Dada, hiki nacho ni nini?"

"Magamba."

"Huyu samaki apelekwe hospitali. Ana upele."

"Fuma shule zako."

Ufundi huo alifundishwa na mwanamke waliyemwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kusimama mbele ya darasa lolote. Alikuwa mke wa msusi wa viti, mtaa wa pili, na jioni alikaa kwenye baraza lake na wasichana waliomaliza shule ya msingi wakawa hawana pa kwenda. Mama Nyoosha alifika pale ana miaka kumi na minne, na sindano zake za kwanza zilikuwa njiti za gurudumu la baiskeli alizozinoa kwenye sakafu ya saruji. Mwalimu hakugomba wala hakupiga. Aliipokea kazi yako, akaitazama, akakurudishia na neno moja tu.

"Fumua."

Mkono mmoja wa sweta ya mtoto aliufumua mara saba, mpaka uzi ukaota manyoya na kubadilika rangi kwa jasho la viganja. Mara ya saba alithubutu kujitetea.

"Mwalimu, kosa lenyewe dogo. Halionekani."

"Wewe umeliona?"

"Nimeliona."

"Basi linaonekana."

Maneno hayo yalimwingia, yakakaa. Miaka thelathini na tisa baadaye alikuwa bado anayafuata, na katika miaka yote hiyo, kila alipokutana na sweta iliyofumwa na Mwalimu, macho yake yalikwenda yenyewe kutafuta kosa. Hakuwahi kuliona, ingawa za mumewe hakupata kuzikagua kwa karibu. Hakulitafuta kwa ubaya. Au tuseme, si kwa ubaya mwingi.

Mwalimu alifariki, Mungu amrehemu, na mume wake akabaki. Watu walimwita Mzee wa Viti. Alikuwa anakaribia miaka themanini na alikuwa haoni tangu ujana wake. Alisuka makalio ya viti kwa henzerani, zile nyuzi za mwanzi mwembamba ambazo lazima zilowekwe kwenye beseni la maji ndipo zikubali kupinda. Viti vyake havikuwa na mfano. Watu wenye macho yao mawili walisuka wakakosea, yeye akawarekebishia kwa kupapasa.

Siku moja ya msimu wa baridi, mwaka wa tatu tangu msiba ule, alikuja kwa Mama Nyoosha ameshikwa mkono na binti yake, muuguzi wa zahanati, na sweta ya rangi ya majivu imekunjwa kwapani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kazi zinakwenda?"

"Zinakwenda, namshukuru Mungu. Kaa hapa."

"Sikai. Kiwiko kimenitoka, nasugua sana kwenye meza. Nishonee kiwiko tu."

"Kiwiko tu, Mzee."

"Ndiyo iliyobaki," binti yake akasema. "Zile nyingine za Mama zimemwishia mwilini. Hii ni leo tu amekubali kuivua."

Kiwiko kilimchukua mchana mmoja. Alitafuta uzi unaolingana, akakifuma upya kwa sindano nyembamba mpaka mtu asingejua palipokuwa na tundu. Kisha akaitandaza sweta mezani aipitishie pasi, na hapo ndipo alipoitazama kifuani.

Kifua chote kilikuwa sega la nyuki. Vijumba vya sega vilipangana safu kwa safu, kila kimoja kimetokea kwa vitanzi vinne kuvushwa kulia na vinne kushoto, vyote kwa ukubwa mmoja, kama vilivyofumwa na mtu asiyechoka. Sega ni mapambo magumu. Unapovusha vitanzi unavishikilia kwa kisindano kifupi, ama mbele ya kazi ama nyuma yake, na ukisahau mara moja ukaviweka nyuma badala ya mbele, kijumba hakiinuki, kinadidimia. Mama Nyoosha alivipitia kwa macho kama mtu anayesoma barua. Upande wa kushoto, juu kidogo ya titi, macho yakasimama.

Kijumba kimoja kilikuwa kimegeuka. Wenzake wote wameinuka, chenyewe kimezama.

Siwezi kumsemea uongo: alifurahi. Furaha ilimpanda kooni kama kicheko. Miaka thelathini na tisa, na leo Mwalimu ameteleza kama watu wengine.

"Njoo uone," akamwambia mdogo wake.

Mdogo wake alikuja. Na mama wa maziwa, muuza maziwa wa mtaa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mteja akisubiri shali yake, akaja pia na birika lake mkononi.

"Naona sweta," akasema mama wa maziwa.

"Hapa. Hiki kimegeuka. Mwalimu amekosea."

"Kumbe hata yeye," mama wa maziwa akasema, akakisogelea kijumba kama anayechungulia kisima.

"Hata yeye. Alitufumulisha mpaka vidole vikaota sugu, kumbe hata yeye."

Mdogo wake alikuwa amekunja mikono. "Sawa, umeona. Sasa ipige pasi mtu achukue sweta yake."

"Nitamnyooshea na hiki."

"Mzee alisema kiwiko."

"Itakuwa zawadi yangu. Siwezi kuitoa hivi, sweta imepita mikononi mwangu."

"Dada, Mzee haoni. Kosa linamwasha wapi?"

"Linaniwasha mimi."

Akachukua mkasi mdogo. Kurekebisha kijumba kilicho katikati ya sweta iliyokwisha ni kama upasuaji. Unakata uzi mmoja, unauchomoa polepole, vitanzi vinabaki wazi kama vinywa vya vifaranga, unavikamata kwa sindano, unavivusha upande unaotakiwa, kisha unaviunga kwa uzi mpya kwa sindano ya kushonea. Alifanya hivyo kwa mkono usiotikisika. Uzi wa zamani, kipande kirefu kuliko kiganja, aliutupa kwenye kikapu cha mabaki. Alipomaliza, sega lilikuwa sega. Hapakuwa na mtu duniani ambaye angejua.

Siku ya pili Mzee alikuja na binti yake kuchukua. Alipapasa kiwiko, akatabasamu, akaivaa palepale kwa sababu ya baridi. Halafu mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe hadi kifuani kushoto, jinsi mtu anavyogusa mfuko kuhakikisha ufunguo upo. Vidole vikatembea. Vikarudi. Vikatembea tena, safari hii taratibu, safu moja moja.

"Mwanangu, umegusa hapa?"

Kwa nini hakusema ndiyo, hakuweza kujieleza baadaye. Pengine ni vile Mzee alivyouliza kwa upole. Pengine ni vile mdogo wake alivyosimamisha mashine. Maneno yalimtoka yakiwa yamepangwa sawasawa, kama kila kitu chake.

"Hapana, Mzee. Niliiosha tu. Sufu ikioshwa hujikaza."

Mzee akabaki ameshika kifua. "Hujikaza," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Basi labda ni mimi." Akageukia mlango, na binti yake akamshika mkono.

Walipokwisha kuvuka barabara mdogo wake aligeukia kazi yake. Akawasha mashine, kra, kra, mpaka safu ya kumi ndipo akasema bila kugeuka, "Hujikaza."

"Niache."

"Mimi nimesema nini? Nimesema sufu hujikaza."

Tangu siku hiyo Mama Nyoosha alipopiga magoti asubuhi, sala ilikwenda vizuri mpaka penye kuomba kusamehewa makosa. Hapo ulimi ulikuwa mzito. Aliparuka pale kama mtu anayeruka dimbwi, akaendelea na kuwaombea wagonjwa na wasafiri. Alijiambia kwamba kijumba ni kijumba tu, Mzee atazoea. Lakini alipoona watu wanapita dirishani, kila mzee mwenye fimbo alimfanya ainamishe kichwa juu ya sindano.

Mwezi ulipita. Binti wa Mzee alikuja peke yake, amevaa sare zake nyeupe, kuulizia sweta ya kuvaa zamu. Mama Nyoosha alimpima mabega, akamwuliza kwa desturi tu, "Mzee hajambo?"

Yule muuguzi akakaa kwenye kiti cha mteja. "Hajambo wa mwili. Ameacha kazi."

"Ameacha viti?"

"Anasema vidole vyake vimekufa. Nimemchoma sindano vidole vyote kumi, kila kimoja ananiambia kinauma. Nikampeleka kwa daktari, daktari naye akasema ni mzima. Hasikii la mtu. Anasema maumivu anayapata, umbo ndilo limempotea. Anakaa tu, mikono magotini."

"Ilianzaje?"

"Ni hii sweta." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mama alikuwa na kawaida yake. Zamani Baba alikuwa akivaa sweta nyuma mbele, vijana wanamcheka njiani. Mama ndipo akaanza kumfumia hizi zenye mapambo ya kuinuka, ili azijue kwa mkono. Na kila sweta, upande wa moyo, aliweka kijumba kimoja kimegeuka. Alimwambia, ukikipata hicho umevaa sawa, na ujue nimekushika. Miaka yote hiyo, asubuhi anakitafuta kwanza. Sasa anasema hakipati. Kipo, lakini vidole havikioni tena. Na kama vidole havioni kile, anasema, kwenye kiti vitaona nini?"

Mashine ilikuwa imenyamaza. Mama Nyoosha alishika kipimo cha utepe mikononi kama hajui ni cha nini.

"Nilidhani labda kiliguswa hapa," muuguzi akaendelea. "Nikamwambia hivyo. Akanikemea. Akasema, mtu wa sala kama yule, nimemwuliza kwa kinywa changu, anidanganye kwa faida gani?"

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, alichotakiwa ni kuingia. Akafungua kinywa, na kilichotoka ni, "Mikono ya sweta unaipenda mirefu au ya kufika hapa?"

"Ya kufika hapo," muuguzi akasema, akaaga.

Mdogo wake alimtazama dada yake kwa muda. Hakumtania. Hilo lilimwuma Mama Nyoosha kuliko utani wowote, maana ujue mdogo wako akikosa utani, mambo yamefika pabaya.

"Alikuwa amekaa hapo," mdogo wake akasema. "Hapo kwenye kiti."

"Niliona alipokaa."

"Mzee wa watu amejivua vidole, dada. Kwa ajili yako."

Mama Nyoosha aliinuka. Alikwenda kwenye kikapu cha mabaki, akakikuta kitupu, kwa sababu mdogo wake alikuwa amekwisha kuyashindilia kwenye mto wa mteja. Akauchukua mto, akaufumua mshono, akamwaga vilivyomo mezani. Nyuzi za bluu za shule, za kijani, nyekundu za shali ya mama wa maziwa, kilima kizima. Akaanza kuzichambua. Mdogo wake akaja upande wa pili wa meza, naye akachambua, na walikuwa hivyo mpaka chai ikapoa. Uzi wa rangi ya majivu walioupata ulikuwa mmoja tu. Ulikuwa bado umejikunja-kunja, mawimbi madogo manane, kwa kuwa uzi wa sufu uliokaa miaka ndani ya vitanzi haunyooki kwa kuchomolewa tu. Mkono wake ukapeleka uzi kwenye pasi, kwa mazoea. Akaurudisha. Akaufunga kwenye leso kama ulivyo.

"Nikusindikize?" mdogo wake akauliza.

"Nilidanganya peke yangu."

Mtaa wa pili si mbali, lakini siku hiyo alipita kwanza nyumba ya Mzee moja kwa moja, akafika hadi kwenye bomba la maji, akasimama kama anayesubiri foleni ambayo haikuwepo, ndipo akageuka. Uso ulikuwa unamwaka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, watu humpa watoto wao awaombee, na alikuwa anatembea kando ya ukuta kama mwizi wa kuku.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Mimi, Mzee. Mama Nyoosha. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia, kuna kigoda hapo mkono wa kushoto."

Chumba kilikuwa na viti vinne bila makalio, vimepandishwa kimoja juu ya kingine. Beseni la kulowekea lilikuwa limekauka, na henzerani zilizosahauliwa humo zilikuwa zimejikunja zikawa ngumu kama kucha. Mzee alikaa karibu na dirisha, amevaa ile sweta, mikono magotini kama alivyosimuliwa.

"Nimekuja kwa ajili ya sweta, Mzee."

"Kiwiko kimekaa vizuri sana," Mzee akasema upesi, kama anayemwondolea mgeni wasiwasi. Na wema ule nusura umfukuze Mama Nyoosha pale ndani. Akajikaza.

"Si kiwiko. Niligusa kifuani."

Mkono wa Mzee ukapanda kifuani.

"Nilikata. Kile kijumba nilikiona, nikadhani ni kosa, nikakinyoosha. Uliponiuliza nikakudanganya mbele ya mwanao. Vidole vyako ni vizima, Mzee. Vilisema kweli siku ile. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Mzee aliinua mikono yake. Akapitisha kidole gumba kwenye ncha za vidole vingine, kimoja kimoja, mkono wa kulia kisha wa kushoto, kama mchungaji anayehesabu mifugo ikiingia zizini.

"Kwa hiyo hakipo."

"Hakipo."

"Si kwamba sikukiona. Hakipo."

"Hakipo, Mzee."

Akashusha pumzi ndefu, na mdomo wake ukaelekea kucheka. Lakini kicheko hakikufika. Mama Nyoosha alikuwa amekaa karibu, akaona jinsi furaha ya kurudishiwa vidole ilivyomwingia yule mzee usoni, na jinsi jambo la pili lilivyoingia nyuma yake: kwamba kijumba chenyewe, alichokuwa akikitafuta miaka yote, hakipo kweli, na aliyekifuma hayupo. Alitamani atukanwe. Hakuweza kuinua macho, ingawa aliyekuwa mbele yake hakuwa na macho ya kumtazama.

"Na ulisema ni kosa lake?" Mzee akauliza.

"Nilisema."

"Kwa nani?"

"Kwa mdogo wangu. Na mama wa maziwa."

"Mama wa maziwa," Mzee akasema. "Basi mtaa mzima."

"Nisamehe, baba."

"Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo nina hasira, na nikikwambia nimekusamehe tutakuwa waongo wawili humu ndani."

Mama Nyoosha alikubali kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba haonekani, akasema, "Sawa, Mzee." Akafungua leso, akauchukua mkono wa Mzee, akaulaza ule uzi kiganjani. Mzee aliugusa wimbi moja baada ya jingine mpaka manane.

"Huu ni wake."

"Ni wake. Niliutupa, nikaufuata kwenye mabaki. Unaweza kurudi, lakini mkono utakuwa wangu. Na ncha lazima nizishikize kwa uzi mpya. Ukisema nisiguse, sigusi."

Mzee aliupapasa uzi tena, akamrudishia. Halafu akaivua sweta, akampa.

"Fanya hapa hapa. Nikiwa nimekaa."

Alifanya pale, juu ya magoti yake, kwa mwanga wa dirisha la mtu asiyeuhitaji. Alikata uunganishaji wake mwenyewe, akavikamata vitanzi vinane, akavivusha nyuma badala ya mbele. Alipomaliza akaisogeza sweta. Vidole vya Mzee vikapita juu yake.

"Kimekaza. Chake kilikuwa legelege, kidole kinazama kidogo. Fumua."

Neno lile lilimpiga kifuani. Alikuwa hajalisikia kwa miaka mingi, na sasa limetoka kwenye kinywa kingine, ndani ya nyumba ile ile. Akafumua. Uzi ulikuwa umechakaa, ukiuvuta utakatika, ikabidi auchomoe kwa ncha ya sindano. Akafuma tena.

"Unatetemeka," Mzee akasema. "Upande mmoja umepanda. Fumua."

Akafumua. Machozi yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa bega ili uzi usilowe. Hakuyatoa ili aonewe huruma. Aliyekaa mbele yake hakuyaona, na yeye hakutoa sauti. Mara ya tatu alifuma taratibu, hakujaribu kuifanya kazi iwe nzuri, alijaribu tu iwe vile alivyoiona siku ile mezani kabla mkasi haujafika.

Vidole vya Mzee vikatembea kwenye sega, safu moja, ya pili. Vikapita. Vikarudi. Vikasimama.

"Si mkono wake," akasema.

"Si wake, Mzee."

"Lakini nimekipata."

Akaivaa, mbele ikiwa mbele. Akakaa kidogo ameshika kifua. Halafu akasema, si kwa ukali wala si kwa upole, "Hapo kwenye kona pana ndoo. Nitilie maji kwenye beseni, hizi henzerani zimekufa."

Akamtilia maji. Akazilaza henzerani humo moja moja, akafuta sakafu palipomwagika, akaaga. Mzee aliitikia akiwa tayari ameinama, mikono imo majini mpaka kwenye vifundo.

Kesho yake asubuhi Mama Nyoosha alipiga magoti, na alipofika mahali pale palipokuwa panamshinda hakuruka. Alikaa hapo muda mrefu. Shuka lilikuwa limetandikwa upande, na hakuligusa mpaka alipomaliza. Kisha akajifunga kanga, akatoka kabla mdogo wake hajawasha mashine, akamngoja mama wa maziwa njiani.

"Mwalimu hakukosea," akamwambia. "Kile kijumba alikiweka makusudi, kwa ajili ya mumewe. Aliyekosea ni mimi. Nilikikata, kisha nikamdanganya Mzee."

Mama wa maziwa akatua birika. Alimtazama juu mpaka chini. "Wewe?"

"Mimi."

"Ah, jamani. Na mimi nimeshamwambia kila mtu kwamba Mwalimu alikosea."

"Ndiyo maana nimekuja. Leo nitazunguka na wewe."

"Nyumba zote? Ni nyumba ishirini na sita, mama."

"Twende."

Mama wa maziwa alisita, akaona mwenzake hatanii, akainua birika. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mke wa fundi saa, mwanamke aliyempa Mama Nyoosha watoto wake watatu awaombee wakati wa mitihani. Alifungua mlango na jagi mkononi, kola ya gauni lake imejikunja upande mmoja. Mama wa maziwa akampimia, akafunika birika, akasogea kando.

"Huyu ana neno," akasema.

Mama Nyoosha alishika ncha ya kanga yake kwa mikono yote miwili, akaanza kusema.